Kawa ya Noeli

Noeli hii binti yangu ameniletea kifuniko cha chakula cha plastiki, kile kinachofunguka kama mwavuli. Nimemwambia asante, nikakiweka juu ya kabati. Kisha nikaishusha ukutani kawa yangu ya ukindu, imekatika pembeni, wekundu wake umebaki kama chai. Akacheka. Bon, acheke. Shule nimesoma kidogo, lakini nyumba anamochekea niliijenga mwenyewe, na kitu chenye thamani nakijua.

Kawa hiyo aliisuka bibi jirani, Mwislamu, mjane, ua wake na wetu ukuta mmoja. Zamani zile, kila asubuhi ya Noeli mama alinituma kwake na jogoo hai. Mwanawe alimchinja kwa Bismillahi, sisi tukampika kwa mawese, ili mchana sahani ikifika kwake ale bila wasiwasi. Sahani ilirudi imefunikwa kawa mpya. Alikuwa ameanza kuisuka tangu mvua kubwa, vidole vinanuka ukindu uliolowa.

Mwaka mmoja papa, baba yetu, alikwama safarini Banalia, barabara imekatika, na jogoo hatukupata. Mama akapika lituma, zile ndizi za kutwanga, na pondu tu. Akakaa jikoni anaitazama sahani.

"Nitampelekea hii? Amesuka miezi yote, mimi nimpe majani ya muhogo?"

Tukamsikia bibi ng'ambo ya ukuta, anakohoa kwa makusudi.

"Mama Watoto, mwaka huu Noeli imeahirishwa?"

Basi mama akaibeba sahani mwenyewe, mimi nyuma yake. Akaiweka mkekani, akaanza kuomba radhi. Bibi akafunua, akanusa, akacheka mpaka tukaliona jino lake la mwisho.

"Wewe, mimi niko na meno gani ya kula kuku? Lituma ndiyo naweza. Kuku wote wa miaka hii, ni hawa watoto yako wanakulaka hapa kwa mlango."

Mama akanigeukia. Mimi nikatazama paa.

"Na hukuniambia?" mama akamuuliza.

"Ulichinjisha jogoo kwa ajili yangu. Ningekuambia nini?"

Akamkabidhi kawa hii, kubwa kuliko zote alizowahi kutupa. Mama aliishika kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtoto mchanga.

Bibi alitutangulia mbele ya haki, mama naye. Ua ule sasa ni duka la simu, na mtaani kwetu hakuna mtu anayejua kusuka. Lakini kila Noeli jogoo wangu nampeleka kwa mchinjaji wa Kiislamu. Watoto wananiuliza, papa, ni kwa ajili ya nani, hapa sisi wote ni Wakristo. Napakua sahani moja kabla ya zote, naifunika kwa kawa, naiacha mezani mpaka watu washibe. Kisha nawaita wajukuu, wanaila ile nyama pale mlangoni.