Kikombe Chenye Pengo

Kanisani tulimwita Mama Vikombe, ingawa hakuwa na mtoto. Wiki nzima alipiga pasi mashuka ya hospitali. Jumapili alijaza na kuosha vikombe vya Meza ya Bwana, arobaini na nane, vidogo kama vifuniko vya chupa. Mimi nilivipangusa, yeye akiviinua dirishani kutafuta alama za vidole. Alikuwa msumbufu, nami mdomo wangu hauna breki, basi tukapatana.

Kimoja kilikuwa na pengo ukingoni. Hicho alikiweka pembeni mwa sinia, kitupu. "Ni changu," alisema. Sinia likimfikia, alilipitisha tu bila kunywa. Miaka tisa!

Siku moja nikamuuliza ana ugomvi gani na Mungu.

"Mama alipozidiwa, mdogo wangu alinipigia simu nikamsaidie kumuuguza, walau wiki moja. Nikasema nina kazi. Uongo. Nilikuwa likizo, nimejilaza chumbani. Nilikuwa nimechoshwa na wagonjwa. Mama akafa siku ya nne."

"Umetubu?"

"Kila siku. Kwa Mungu."

"Na kwa mdogo wako?"

Akaniambia nipanguse vizuri.

Nilikasirika, nakiri. Nikamwambia anamkimbilia Mungu kwa sababu Mungu hatamfungulia mlango amkazie macho. Wiki mbili hakunisemesha.

Kisha Jumamosi asubuhi akanigongea, kavaa gauni lililonyooshwa kama shuka la hospitali. "Nisindikize."

Mdogo wake alitufungulia akiwa na ufagio mkononi. Hakutukaribisha ndani.

"Nilikudanganya," Mama Vikombe alisema palepale kizingitini. "Sikuwa na kazi wiki ile. Nisamehe, mdogo wangu."

"Najua, dada. Nilipiga simu kazini kwako, wakasema uko likizo. Nikadhani uko njiani. Nikamwambia mama unakuja." Aliuegemeza ufagio ukutani. "Akawa anauliza umefika wapi."

Mama Vikombe akashika ukuta. Mdogo wake alishika kitasa. "Nimekusikia," akasema, akafunga mlango, polepole, bila kuubamiza.

Tulirudi nyumbani. Nilitaka kuingia naye kwake, akakataa. Vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta mmoja, na mchana kutwa nilimsikia akilia na kumwita Mungu, "Baba, Baba," kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilijuta kumsukuma.

Jumapili alijaza vikombe vyote. Sinia lilipomfikia, alichukua chenye pengo, akanywa, akabaki ameinama mpaka wimbo ukaisha.

Wakati wa kuosha nikamuuliza anajisikiaje.

"Mpweke," alisema. "Lakini Mungu yuko karibu. Nilikuwa nimesahau."

"Na mdogo wako?"

"Nitarudi Jumamosi. Asipofungua, nitarudi Jumamosi nyingine." Alikisugua kikombe chake taratibu pale kwenye pengo, kisha akanipa nikipanguse. "Mama aliningoja siku nne. Mimi nashindwaje kungoja?"