Kizibao cha Mradi

Kila mtafiti anayefika Gisenyi humkodi msaidizi yuleyule, bwana wa makamo mwenye mikono mipana. Kule Rubona, kabla ya kuchota maji ya ziwa ya kupimwa, huzima injini ya mtumbwi, hukunja mikono na kungoja hadi mawimbi yatulie kabisa. "Mayi inajua tumefika," husema, bila kucheka.

Uwase, mwanafunzi wa chuo, aliona ni mbwembwe tu, mpaka siku walipopanda pamoja Kanama kuuliza watu wanakula mara ngapi kwa siku. Mama mmoja akajibu, "Mara moja." Yule bwana akavua kizibao chenye nembo ya mradi, akakikalia, akaanza kumsaidia kupukuchua maharage. Wakaongea habari za mvua na za soko. Alipomaliza ungo mzima, akauliza tena.

"Bon, mara mbili," mama akacheka. "Nilizani munaleta chakula."

Swali lilikuwa lilelile. Mkobani mwa Uwase zilikuwamo fomu arobaini alizojaza akizunguka peke yake, zote zikisema "mara moja". Taratibu, akaanza kufungua vifungo vya kizibao chake chenye nembo ileile.