Farasi wa Hawa Haingii Pangoni

Harufu ya mashudu ya alizeti hunirudisha Iguguno hata nikiwa nimefumba macho. Ni harufu nzito, ya mafuta na maganda yaliyoungua kidogo, na likizo ile ya mwezi wa sita ilitanda kila mahali: kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji. Baba alisimamia mashine ya kukamulia, na nyuma yake, kwenye kivuli cha magunia, tulicheza mchezo tulioachiwa na binamu yangu Elia, aliyekuwa akisoma Dar es Salaam. Haukuwa na ubao. Mtu mmoja, msimulizi, alieleza nchi ya majitu na majoka. Wengine kila mmoja alikuwa na shujaa wake, akasema anachotaka kufanya, kisha dadu ya ludo ikaamua kama amefaulu. Elia alipoondoka aliniachia mimi usimulizi kwa kuwa nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa darasa la sita, na cheo kilinipanda kichwani siku hiyohiyo.

Wachezaji walikuwa wawili: kaka yangu Daudi, na Hawa, binti wa jirani. Hawa alivunjika nyonga akiwa mdogo na mguu mmoja ukabaki mfupi. Tukikimbilia kisimani, yeye alifika sisi tumeshajaza ndoo. Kila shujaa alipewa punje za mahindi za kununulia vifaa. Daudi alinunua upanga, ngao na kofia ya chuma. Hawa alitoa punje zake karibu zote akanunua farasi, zilizobaki zikamtosha mkuki tu. "Hujabakiza hata ngao!" Daudi alimcheka. "Ngao ya nini?" Hawa akajibu. "Wakirusha mawe, mimi nitakuwa nimeshapita."

Na kweli alipita. Vita vya kwanza nilivitangaza uwandani, na kwa sheria za Elia, anayeshambulia akiwa juu ya farasi alirusha dadu mara mbili. Hawa alichoma jitu la kwanza, akageuza, akachoma la pili kabla halijainua rungu. Daudi alifika akakuta kazi imekwisha. Hawa alisimama kwa mguu wake mzima akashangilia mpaka wabeba magunia wakageuka kutazama. Ningepaswa kufurahi naye. Badala yake nilishikwa na wivu, maana majitu yale nilikuwa nimeyatunga tangu asubuhi, na hakuna aliyeyaogopa.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kesho yake hazina niliiweka pangoni. "Farasi haingii pangoni," nikatangaza kwa sauti ya hakimu, na Hawa akamfunga nje. Bila farasi alikuwa mtu mwenye mkuki tu, akauawa kabla Daudi hajapata hata mkwaruzo. Siku iliyofuata nikaleta mnara wenye ngazi nyembamba, kisha msitu uliofungamana kwa miiba. Kila mara Hawa alisema, "Sawa," kwa sababu msimulizi habishiwi. Siku moja tu aliniuliza, "Hakuna tena vita vya uwandani?" Nikamwambia vipo, kesho. Hiyo kesho nikasimulia handaki.

Safari hiyo hakumfunga farasi. "Leo sishuki," alisema. "Nitabaki naye hapa nje." Ningeweza kumletea mbwa mwitu mmoja tu wa kupigana naye kwenye mlango wa lile handaki. Mmoja tu! Nilisema, "Haya, baki," nikaingia na Daudi, tukacheza mpaka mashine ikazimwa. Hawa alikaa nasi muda wote huo akisikiliza, dadu isimfikie. Tulipomaliza alimuaga baba kwa adabu, akaenda zake. Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Nilisikia nafuu, na nafuu ile ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Siku hizi wanangu wanacheza michezo ya namna hiyo kwenye simu na watu wasiowajua, na huwasikia wakibishana kama kupigana juu ya farasi kuna faida. Husemwa kwamba uwandani farasi hana mpinzani, pangoni ni mzigo. Ni kweli kabisa. Ila katika ubishi wote huo sijasikia mtu akimtaja anayechagua pango. Sisi tulikuwa na dadu moja na kivuli cha magunia, wao wana dunia nzima mkononi, na bado kuna mtoto mahali fulani anayeambiwa asubiri nje.

Majuto ni mjukuu. Juzijuzi nilipita Shelui, ambako Hawa ana mgahawa wa madereva wa malori, nikamweleza yote: wivu, mapango, ile kesho niliyomwahidi. Nilitarajia acheke, au anitukane kidogo nipumue. Aliweka birika la chai mezani, akanitazama.

"Kumbe," alisema. "Mimi miaka yote hii nilijua nimekosea kuchagua."