Kiingereza Changu cha Msiba

Nilianza kujifunza Kiingereza wiki chache baada ya mwanangu kufa, na sababu haikuwa elimu. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu angeniambia pole.

Kambini Kolwezi pole zilikuwa hazina mwisho. Ukienda bombani, pole. Ukitwanga, pole. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na majirani zetu wengi walikuwa Wakasai kama sisi, walioletwa na kazi ya mgodi, kwa hiyo pole zilikuja kwa Kiswahili na kwa Kiluba, kisha karani wa kambi akaongeza yake kwa Kifaransa. Nilizipokea zote, nikashukuru, na sikusikia kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Surua ilimchukua hospitalini huku mimi nimelazwa wodi nyingine na homa yangu mwenyewe, sijui asubuhi wala jioni. Akili ziliponirudia walikuwa wameshamzika. Waliniketisha kwenye mkeka wa kilio, wanawake wakalia kunizunguka, nami nikawatazama tu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ni kweli, lakini kwetu mzazi lazima auonyeshe. Mama aliyefiwa hulia kwa sauti, hugaragara, humwita mtoto. Asiyelia hutafutiwa sababu, na sababu huwa moja: amemla mtoto mwenyewe, kwa uchawi. Hakuna aliyeniambia usoni. Kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi ya reli Tenke, ndiye aliyeileta habari hiyo nyumbani. Nilikuwa jikoni nikamsikia.

"Ile bibi yako hakuliaka hata kidogo," alimwambia mume wangu. "Nikirudia hapa nikute hajalia bado, tutamurudisha kwa baba na mama yake."

Mume wangu alikuwa fundi wa mashine, mwepesi wa mikono, mzito wa maneno. Nilimpenda, sikutaka kuachana naye, na nilijua kwamba ningepaswa kuogopa. Nikaitafuta hofu ndani yangu, sikuiona.

Misheni ya Waprotestanti ilikuwa na darasa la kushona kila Jumatano. Mama mmisionari, Mmarekani mwembamba aliyetembea kama anachelewa treni, alikuwa ameletewa masanduku ya vitabu vya Kiingereza kutoka Rhodesia. Alitaka wanawake wawili au watatu wanaojua kusoma wamsaidie kuvipanga, naye atawafundisha lugha. Wenzangu walitaka Kiingereza cha kununulia vitambaa ng'ambo ya mpaka. Mimi nilinyoosha mkono kwa sababu yangu.

Tulianza na kitabu chenyewe: jalada, ukurasa, sura, yaliyomo. Alipitisha kidole mgongoni mwa kitabu akasema hii ni "spine", uti wa mgongo. Nilipenda kazi ile ya kufuta vumbi na kupanga. Kitabu hakikuulizi umelala namna gani.

Kisha vikaja vitenzi, nikakasirika. Waingereza wana kitenzi kimoja maskini, wanakifunga mkia, kinageuka mtu mwingine kabisa. "Give" ni kutoa. "Give up" ni kukata tamaa. "Give in" ni kukubali umeshindwa. "Give back" ni kurudisha.

"Mama," nilimwuliza, "maneno iliwaisha, ao ni uvivu?"

Alicheka hadi akavua miwani. Siku nyingine alitufundisha kwamba mtu anayeanza maisha upya kwao husemwa amegeuza jani jipya. Mke wa karani, tuliyekuwa tukikaa naye benchi moja, akauliza ni jani la nini, la sombe, lile la muhogo? Akaambiwa hapana, ni ukurasa. "Basi mi nageuza ya sombe kila siku," alisema, "na maisha ni ile ile." Tulicheka, hata mimi. Nilisikia kicheko changu, nikashangaa ni cha nani.

Jumatano moja mkia ulikuwa "away". Mama mmisionari akaandika ubaoni: go away, throw away, put away. La mwisho akaandika "pass away", akaeleza kwamba ni kufa, kwa kusema kwa adabu. Mke wa karani alinitazama haraka, akainamisha kichwa. Mimi nilisoma kwa sauti pamoja na wengine.

Alituambia tutunge sentensi tukiwa katika kazi zetu. Nikawa nazisema kwa Kiingereza huku nasugua sufuria. Sabuni imetuishia. Chumvi imetuishia. My son passed away. Zote zilikuwa na uzito mmoja. Kwa Kiswahili nilikuwa sijawahi kusema kwamba mwanangu amekufa. Nilikuwa nikijaribu, naishia kwenye neno mwanangu. Kwa Kiluba ndiyo hata kujaribu sikujaribu. Kiingereza kilipita tu, kwa sababu hakikuwa kimewahi kumbeba mgongoni wala kumwita aje kula. Watoto wa jirani wakaniita Mama Rhodesia. Mama zao hawakucheka. Waliona mwanamke asiyelia, sasa anaongea peke yake lugha isiyojulikana, na hilo halikunisaidia.

Shemeji alirudi, siku ya Jumapili, akaja na shangazi yao. Waliketi sebuleni na mume wangu, nikaitwa.

"Mama," shemeji alisema, bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, "hatukukuya kukutukana. Tuambie tu. Juu ya nini haulii mutoto yako?"

Nilifungua kinywa. Kiswahili hakikuja. Kikaja kile cha sufuria: mwanangu alifariki, na mimi sikumwona. Nilikisema chote kwa Kiingereza, moja kwa moja, kama mbele ya ubao.

Shangazi alivuta kitenge chake kifuani. "Anasema na nani huyu?"

Ndipo mume wangu akapaza sauti, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Ni Kiingereza! Anasoma ku misheni. Mumuache amalize."

"Basi aseme na luga ya batu, tusikie," alisema shemeji.

Ikabidi nitafsiri, kama darasani, neno moja baada ya jingine.

"Mutoto yangu alikufa," nilimwambia shemeji, nikimwita Tata, yaani baba, kwa heshima. "Na mi sikumuonaka. Nilikwenda naye hospitali muzima, nikaamuka munanionyesha mukeka. Munaniomba machozi, Tata. Nitamulilia nani? Kwangu hajakufa bado. Hakuna mutu aliniambia alikuwa namna gani."

Shemeji alimgeukia mume wangu. Mume wangu alikuwa akitazama sakafu.

"Hata mi sikuangalia," alisema. "Nilishindwa. Nilibakia inje."

Sote tulijua basi ni nani aliyekuwa ndani, maana baba akishindwa, kumwosha mtoto ni kazi ya kaka yake mkubwa. Shemeji alishika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili.

"Ni mi nilimunawisha," alisema mwishowe. "Niliomba mayi ya moto kidogo, ile ya baridi sikupenda. Ku mashavu surua ilikuwa imekauka. Nilimuvalisha shati ya mistari. Mukono moja alikuwa ameifunga hivi, na sikuifungua."

"Na macho?" nilimwuliza.

"Ilikuwa wazi kidogo. Niliifunga mi mwenyewe." Hapo sauti ilimkatika, mtu mzima yule, akajifuta uso kwa kofia. Mume wangu alikuwa analia waziwazi, na shangazi pia. Habari ya kunirudisha kwetu haikutajwa tena, siku ile wala baadaye.

Mimi peke yangu nilikuwa sijalia. Nilisogeza kiti changu karibu na shemeji hadi magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Anza tena, Tata," nilimwambia. "Anzia ku mayi."