Uji Wenye Uchungu Kidogo

Kinga ya mwili wangu hulishambulia ini langu, kwa hivyo nameza vidonge na kupimwa damu kila mara. Nilipoombewa hapa Siakago, nilijiona nimepona, nikavificha vidonge nyuma ya kabati. Kila asubuhi nilikunywa uji wa wimbi wa mke wangu taratibu, ukungu ukielea shambani. Ulikuwa na uchungu kidogo. Nikadhani ndio ladha ya kupona. Nilipopimwa damu, majibu yalionyesha ini limetulia.

Jumapili nikasimama kanisani, nikihisi naelea juu ya viti.

“Bwana asifiwe! Niliacha dawa, na damu yangu ni safi!”

Vigelegele vikapaa. Mke wangu akainuka katikati ya kwaya.

“Baba Muthoni,” akasema kwa upole, “hizo dawa nilizipata. Nakusagia kwa uji kila asubuhi. Huo uchungu ulidhani ni wa nini?”