Mama Mkwe Mgongoni Hadi Kwenye Tanuru

Mpanda nzima wananijua. Shule niliiacha darasa la nne, nikaanza ukuli pale stesheni, kushusha magunia ya mahindi. Leo nina gesti, nina malori, na gari langu la kutembelea halijawahi kushindwa na tope la masika. Kwa hiyo mama mkwe aliposema kwamba kabla hajafa anataka kuliona tanuru la baba yake, nilijibu hata mke wangu hajafungua mdomo: "Kesho tunaenda."

Baba yake alikuwa kati ya watu wa mwisho kuyeyusha chuma kwenye kilima kimoja mbele ya Kasekese, katika kijiji cha kale kilichohamwa zamani. Tanuru waliliita bibi harusi, na mwanamke hakuruhusiwa kulisogelea. Yeye alipokuwa binti mdogo alipeleka ugali, akauacha juu ya jiwe chini ya kilima, akasikia nyimbo, akaona moshi, akarudi nyumbani. Basi.

Na gari langu likaishia hapo hapo kwenye jiwe. Mbele ni miamba mitupu, na miguu ya mama siku hizi haipandi hata baraza.

"Nimefika pale pale," akasema, taratibu.

Neno hilo lilinichoma. Lakini kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, wala hamkazii macho usoni.

"Ukimgusa utalipa mbuzi," mke wangu akanionya. "Na kwa hicho kitambi mtaporomoka wote."

Nikashusha kiti cha plastiki. Mama akakaa, mimi nikachuchumaa nyuma yake, mgongo wangu kwenye mgongo wa kiti, mke wangu akatufunga kwa ile mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda.

"Mama, leo mimi si mkwe. Mimi ni kuli."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya kuli, usinimwage!"

Nikapanda. Yeye akitazama nyuma, ananihadithia mabonde ambayo mimi siyaoni. Tukapita misingi ya nyumba, mawe ya kusagia yaliyochimbika katikati kama bakuli, kisha mabaki ya chuma yakaanza kulia chini ya viatu vyangu. Nikainua kichwa, nikasimama.

Tanuru lilikuwa refu kunizidi. Udongo mtupu, bila saruji, bila nondo, matundu yamelizunguka chini, mdomo wazi juu kama linavuta pumzi. Gesti yangu nimeijenga kwa saruji nzuri na mwaka wa pili tu ikapasuka ukuta. Hawa walikuwa watu gani?

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

Nikageuka ili yeye alione. Sasa mimi ndiye niliyetazama mabonde. Kiti kikaanza kutetemeka.

"Nisogeze," akasema.

Nikarudi kinyumenyume, polepole, mpaka nikasikia kiganja chake kikipapasa udongo.

"Bado lina moto," akanong'ona.

Ni jua la mchana lile. Nikakaza miguu.

Akakaa hivyo, mkono ukutani, muda mrefu. Magoti yangu yakawa yanagongana.

"Umechoka, baba?"

"Mimi? Bado kabisa, mama. Shika tu."