Mninga wa Nyuma ya Jiko

Mbegu niliipata upande wa Sitalike, siku tuliyokwenda harusini. Tunda la mninga lina vituko: ni bapa, jepesi, katikati limejaa miiba na pembeni limezungukwa na bawa kama kachapati. Nikalitia kwenye mkoba mpaka nyumbani Kawajense, nikamwambia mama nitapanda mninga nyuma ya jiko, ukikua nitengenezewe kitanda.

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwanangu, mti huo ukifaa mbao, wewe utakuwa unatafutiwa jeneza, siyo kitanda!"

"Basi watalalia wajukuu."

Ulipoota nilifurahi kama nimezaa. Nikauzungushia miiba mbuzi wasiufikie, nikawa naumwagilia maji niliyooshea mchele. Mvua zilipokwisha, majani yakageuka ya njano yakadondoka. Halafu kashina kenyewe kakakauka. Nilipokagusa, ncha ikakatika kama njiti ya kiberiti.

Hapo kichwa kikavurugika. Nimezidisha maji, au nimeupunja? Jirani yetu, yule mama ambaye hata fimbo akiichomeka inachipua, akaniambia niache kabisa, naozesha mizizi. Mama yangu akasema mti haujawahi kufa kwa kunywa. Basi leo namwagilia, kesho naacha, keshokutwa namwagilia kidogo kwa kuiba. Wapita njia wakaniona: "We dada, hicho kijiti kimekuomba maji?"

Nikamwita mjomba wangu, fundi seremala, ambaye maisha yake yote ni vitanda na milango ya mninga. Nikajua jibu limefika.

"Mjomba, ukikauka hivi ndiyo umekufa?"

Akachuchumaa, akakitazama, akajikuna shingo. "Mjomba, mimi naujua ukiwa mbao. Ukiwa mtoto sijawahi kuuona. Nilidhani inazaliwa mikubwa."

Tulicheka wote, lakini mimi nilibaki na kijiti changu.

Mama naye alikuwa ameshaleta mche wa parachichi, upo kwenye kiriba chake cha plastiki unasubiri. Kiwanja chetu ni kidogo. "Mvua ya kwanza tu, ung'oe hicho," akasema. "Hapo tunaweka mti wa kula."

Mvua ya kwanza ikanyesha. Nikachukua jembe, nikakiomba kijiti msamaha, ndiyo, kwa sauti, nikapiga pembeni yake. Chini sikukuta mzizi mkavu. Nilikuta kitu kinene kama karoti, na pale jembe lilipokigusa, pakatoka utomvu mwekundu ukanichafua vidole.

"Umejikata!" Mama alitupa sufuria, akanidaka mkono, akaufuta kwa kitenge chake. Akakitafuta kidonda, hakukiona. Akafuta tena. "Sasa hii damu ya nani?"

"Ya mninga."

Akainama, akauwekea mzizi kiganja kama anavyotupima homa.

"Kumbe ni mzima?"

"Ulikuwa mzima, mama. Sasa nimeukata, sijui."

Hakunigombeza. Alirudishia udongo kwa mikono yake mwenyewe, akaushindilia taratibu. Kichanja cha vyombo kikahamishiwa karibu na bafu, parachichi likapandwa pale kilipokuwa.

Mvua zilipokolea, mninga ukatoa shina jipya, nene kuliko la mwanzo. Nikamwonyesha kila aliyepita, hata muuza dagaa. Mjomba akaja kuusalimia, akasimama mbele yake muda mrefu kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji.

Kiangazi hiki shina limekauka tena. Limekauka lote, mpaka chini. Nikajiambia huo ndio mtindo wake, nikatulia; halafu nikakumbuka lile jembe, nikaacha kutulia.

Jana asubuhi nilimkuta mama nyuma ya jiko, kopo la maji mkononi. Hamwagi, haondoki.

"Tumwagilie au tuache?" akaniuliza. Mimi!

"Sijui, mama."

Akalitazama kopo, akakitazama kijiti.

"Basi nusu," akasema, akamwaga nusu, iliyobaki akaenda kunawia uso.